Gari la Kumpeleka Dada Ziwani

Nilifika Bagamoyo siku ya sita tangu niondoke Kasama. Kutoka Kasama hadi mpakani nilikaa juu ya magunia ya maharage. Nikavuka kwa miguu, nikaingia Tunduma. Kati ya Tunduma na Mbeya basi liliharibika mara mbili, na mara zote mbili dereva alitukazia macho sisi abiria kana kwamba ndio tuliomvunjia. Makambako kondakta alisema tunaondoka sasa hivi. Sasa hivi yake ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Chalinze nilishuka kununua hindi la kuchoma, basi likaenda zake Dar es Salaam na begi langu. Kwa hiyo niliingia mjini kwa njia ya Msata, nyuma ya lori la mchanga, na gunzi mkononi na cheti cha ufundi wa friji katika mfuko wa shati.

Mtu mmoja aliniambia hoteli za pwani hazina mafundi friji. Hilo lilikuwa kweli. Chumvi ya bahari hula friji kama mchwa alavyo mlango, na wenye hoteli hununua friji zilizotumika wakiziita mpya, wakazipanga upande unaopigwa na upepo, wakashangaa. Nilikuja kwa miezi mitatu. Nikakaa miaka tisa, mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba sina mji.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Tulizaliwa Mpulungu, upande wa Zambia wa Ziwa Tanganyika, kwa baba aliyetoka Ujiji akifuata biashara ya dagaa. Mama alipokufa, dada alinibeba mgongoni pale pale ufukoni alipokuwa akianika dagaa, na alipoolewa Kasama alikwenda na mimi kama sehemu ya vyombo vyake. Mwaka jana alinipigia simu. Daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia linafunga kutoka pembeni, taratibu, kama mlango unaosukumwa na mtu mwenye adabu.

"Nataka niuone ufuko wa mama kabla sijafungiwa," alisema. "Wanangu wako mbali, na basi mimi siliwezi tena, wananisukuma. Njoo unipeleke."

Kutoka Kasama mpaka ziwani ni mwendo wa nusu siku. Ningesema tu, nakuja. Lakini nilipoondoka kwake niliapa mbele ya majirani kwamba nitarudi nikiendesha. Basi nikasema, "Nitakuja na gari."

"Gari gani wewe, mtengeneza friji?"

"Langu."

Hakuna aliyedai liwe langu. Neno hilo moja ndilo lililokula miezi minne ya jicho la dada yangu.

Wazo la kukodi nililipata kwa wazungu. Hoteli moja niliyokuwa nikiihudumia ilipata wageni mume na mke waliokuja kwa gari kutoka Namibia, hema juu ya paa, na ndani ya gari friji. Friji ndiyo iliyonikutanisha nao. Nilipokuwa nikiitengeneza, walinisimulia ugomvi wao: mume alitaka wanunue gari Afrika Kusini, wakimaliza safari waliuze, mke akasema gari la kununua ni ndoa na wao tayari wana ndoa moja inayowatosha, wakodi. Mke akashinda. Walikuwa na bahasha ya plastiki, na ndani yake barua ya mwenye gari, yenye muhuri, ikitaja nchi moja moja ambazo gari linaruhusiwa kufika. Niliishika barua ile kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa tajiri.

Nikaenda Dar, kwenye ofisi ya kukodisha magari. Dada wa mapokezi aliniuliza nimefikia hoteli gani. Nikamwambia naishi Dunda, Bagamoyo. Akafunga daftari lake kwa upole mkubwa, akasema magari yao ni ya ndani ya nchi tu.

Nikarudi kwa mwenye nyumba wangu. Huyu alikuwa mzee wa ukoo wa Kimanga, babu zake walitoka Omani, na alikuwa na duka la saruji na mabati na magari mawili ya kukodisha. Nilimkuta barazani na shemeji yake, mtu mnene aliyekuwa akimenya ndizi kwa makini ya daktari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Gari lipo, nimesikia shida yako. Na dereva ndiye huyu."

"Dereva sihitaji, mzee. Leseni ninayo."

"Leseni anayo kila mtu. Gari halimjui kila mtu."

"Nitalijua njiani."

"Mtu haazimi meno yake, mwanangu. Na gari vivyo hivyo. Linakwenda na mwenyewe, au na wa mwenyewe."

Huo ndio ukodishaji wa mji ule. Hukodi gari, unaalikwa katika safari ya watu. Shemeji alikwisha kupanga. Morogoro tungelala kwa dada yake, Iringa tungepakia vitunguu wakati wa kurudi, na nyuma asikae mtu, maana ana mgonjwa wa kumchukua Mafinga. Chakula chake ni juu yangu. Yeye mkate haumkai tumboni, kwa hiyo asubuhi apate supu.

"Na tukifika Tunduma?" niliuliza.

"Hapo ndipo mwisho," alisema akitupa ganda. "Ng'ambo mimi siendi. Gari likienda ng'ambo linaharibika tabia."

"Sasa mimi nivukeje?"

"Kwa miguu. Si ndivyo ulivyokuja?"

Mzee alicheka hadi kofia ikamwanguka. Nilivuka mpaka ule kwa miguu miaka tisa iliyopita, wala sikuhitaji kumnunulia mtu supu.

Basi nikaamua kununua. Na mji mzima ukanipongeza, maana katika mji ule mwenye kununua gari bovu ana heshima kuliko mwenye kukodi zima. Muuzaji alikuwa mwalimu wa sekondari. Alifundisha uraia, nalisema hili mapema ili msomaji alikumbuke. Gari lilikuwa dogo, la kijivu, na lilikuwa na honi yenye sauti ya mbuzi. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa mbele ya mashahidi wawili, tukanywa soda, nikakabidhiwa ufunguo na kadi ya gari, nikaambiwa hongera na watu ambao hata salamu yangu hawakuwa wakiitikia.

Siku tatu baadaye nilikwenda kwa wakala kukata bima ya kuvuka mpaka. Mama mmoja mwenye miwani akaitazama kadi, akanitazama mimi.

"Huyu ndiye wewe?"

"Hapana. Mimi nimenunua."

"Basi kalete kadi yenye jina lako. Au barua ya huyu, yenye muhuri wa wakili, kwamba amekuruhusu kutoka nalo nje. Bila hivyo mpakani utahesabiwa mwizi, baba."

Nilirudi shuleni nikamsubiri mwalimu nje ya darasa. Kupitia dirishani nilimsikia akifundisha wajibu wa raia. Alitoka akipangusa chaki.

"Jina lililo kwenye kadi ni la nani?"

"Hilo? La mwenyewe wa kwanza. Hata mimi sijapata kumwona."

"Na wewe hukubadilisha?"

"Kwani aliyeniuzia alibadilisha?" Alinishika bega kama mwanafunzi mzito. "Gari linakwenda kwa mafuta, fundi. Haliendi kwa jina."

Akaniletea kutoka ofisini kile alichokiita historia ya gari: mikataba minne ya mauziano, imekunjwa na kubanwa kwa pini, kila mmoja na mashahidi wake, na kila mmoja, sina shaka, na soda zake. Gari lilipita mikono minne kabla ya kufika kwangu na hakuna mkono uliojisumbua kwenda kuandika jina. Hapa kwetu ndivyo ilivyo, waliniambia wote nilipowafuata mmoja baada ya mwingine, kuanzia mwenye gesti hadi muuza matofali. Wote walicheka. Mmoja aliniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Kuwafuata kulichukua majuma matatu. Katikati yake dada alipiga simu.

"Leo nimemwaga chai. Kikombe kilikuwa pembeni, sikukiona. Gari lako limefika wapi?"

"Linakamilishwa karatasi."

"Mbona karatasi zenyewe haziishi? Unanunua gari au unaandikisha ndoa?"

Muuza matofali, aliyekuwa wa kwanza kununua, ndiye aliyenielekeza Mlingotini, nyumbani kwa mwenye jina lililo kwenye kadi. Nilikwenda na gari lenyewe. Mbele ya nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu nilimkuta mama wa makamo anapepeta mchele. Kabla sijazima injini alikuwa amekwisha kusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo gari umelipata wapi?"

Nikamweleza. Alizunguka gari mara moja, akapitisha kidole kwenye kovu la mlango wa nyuma. "Hapa mume wangu aligonga mnazi," alisema. "Akausingizia mnazi." Kisha akaniomba karatasi. Nikampa mkataba wa kwanza kabisa, wenye sahihi ya mumewe.

"Nisomee tarehe."

Nikasoma. Akaniambia niisome tena, nikaisoma tena.

"Tarehe hiyo mimi nilikuwa ndani, nimekaa eda," alisema. "Yeye ana siku ishirini kaburini. Alipokuwa hai ukimtuma dukani haendi. Amefufuka kuja kuuza gari?"

Alieleza yaliyobaki bila kupandisha sauti. Mjane aliye edani hatoki, wala hakai na wanaume kujadili mali. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuja akabisha hodi, akasema kupitia mlangoni kwamba gari analipeleka kwa fundi.

"Nikasubiri. Miaka saba. Nikajisemea fundi gani huyu? Kumbe ndiye wewe."

"Mimi fundi friji, mama."

"Ndiyo maana umechelewa."

Nilimwomba barua. Nilimweleza habari za jicho la dada yangu, na sikuongeza chumvi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikalisha, akanipa maji.

"Dada yako namwonea huruma, Wallahi. Lakini nisaini nini? Mirathi haijafunguliwa, na watoto wanne hawakai mkeka mmoja. Tena nikisaini nitakuwa nimesema liliuzwa. Halikuuzwa, mwanangu. Liliibwa mimi nikiwa nimevaa nyeupe."

Nilirudi mjini nikamsimulia mwalimu wa uraia. Alifikiri kidogo, kisha akanipa ushauri wa bure: "Muuzie mwingine. Nani atauliza?"

Alisema kweli. Hakuna ambaye angeuliza. Yule shemeji wa mwenye nyumba alikwisha kulitamani. Alikuja, akalizunguka, akapiga honi ya mbuzi, akacheka kwa furaha ya kweli, akasema kesho tukaandikishane kwa mwenyekiti. Kadi aliigeuza nyuma na mbele, jina hakulisoma. Kwa bei ile ningepanda basi hadi Kasama, nikakodi gari kule kule, nikampeleka dada ziwani hata mara tano.

Nililala na wazo hilo usiku mmoja. Asubuhi niliendesha hadi Mlingotini nikamwachia mama ufunguo, kadi, na mikataba yote pamoja na wangu. Mtu asinisifu. Sikufanya kwa wema, maana wema ningeufanya nikitabasamu. Nilifanya kwa sababu nilikwisha kuwadharau wale watu wanne mmoja mmoja, barazani kwao, nikinywa chai yao, na sikuweza kuwa wa tano huku bado nawadharau.

Mama hakunishukuru kupita kiasi. Alisema, "Mafuta yamo?"

"Nusu tangi."

"Basi atatafutwa wa kuendesha," akasema, akaenda kuifungia mikataba sandukuni.

Niliuza pampu yangu, mitungi ya gesi na sanduku la zana kwa fundi wa Dunda ambaye miaka yote alikuwa akisema kazi yangu ni mbovu. Zana alizitazama kwa heshima. Fundi asiye na zana hana la kubakia mjini, kwa hiyo nilijua sirudi. Mwenye nyumba alinisindikiza hadi barazani, shemeji akiwa pale pale na ndizi zake, kaninunia kwa sababu ya gari.

Nilipanda basi hadi Chalinze, kisha bodaboda hadi Ubena, barabara kuu, nilikoambiwa usafiri wa mpakani haukosekani. Mbele ya genge la nyanya walisimama watu sita na mizigo yao, wametulia kama watu wanaojua wanachofanya. Nikauliza mnangoja nini. Mama mmoja akanijibu, "Aiti."

Aiti ni magari yanayoshushwa bandarini Dar na kuendeshwa hadi mpakani kwenda kwa wenyewe nchi jirani, yenye namba za karatasi na viti bado vimefunikwa nailoni. Madereva hawaruhusiwi kupakia abiria. Wanapakia. Yalikuwa yakipita pale mchana kutwa, moja baada ya jingine, kwenda Zambia. Miaka tisa yalikuwa yakipita, na ndani ya kila moja viti vitupu, na mimi, mwenye cheti, nilikuwa Mlingotini nikimtafuta marehemu anisainie.

La nne lilisimama. Dereva akateremsha kioo.

"Wapi, mzee?"

"Kasama."

"Mimi naishia Tunduma. Hapo mwenyewe anakuja kulipokea, wa Zambia huyo. Utamwomba yeye, nafasi si ipo?"

Nikaingia. Nailoni ikalia chini yangu. Tulipoanza kupata kasi nikampigia dada.

"Nimetoka," nilimwambia. "Sirudi tena huku."

"Na gari?"

"Nimo ndani yake."

"La nani?"

"Simjui."

Nilidhani anatafuta neno la kunichapa nalo, na nilistahili.

"Rangi gani?"

"Jeupe."

"Nyeupe bado naiona," alisema. "Mwambie dereva aongeze mwendo."