Maharagwe Yenye Majivu

Weka chini huo ungo kwanza, mwanangu. Usiniambie ni maharagwe ya kula. Nimeyaona majivu vidoleni mwako, na hapa Kashojwa hatupaki majivu maharagwe ya kula, tunapaka ya mbegu ili dumuzi wasiyatoboe. Najua wageni kutoka Mbarara wanakuja kesho, hao wanaharakati wenu wa haki ya chakula. Na wakaribie. Lakini ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, na kwa kuwa naona mnataka kuirudia, utakaa hapo unisikilize. Magoti yangu hayaniruhusu kukukimbiza, kwa hiyo kaa kwa heshima tu.

Wakati huo nilikuwa kijana kama wewe, nina mtoto mmoja mgongoni, na watu walishaanza kuniita Mama Riziki kwa jina lake. Kikundi chetu cha wakulima kilikuwa cha wakimbizi wa Nakivale, Wakongo na Warundi pamoja. Mwenyekiti alikuwa Papa Bahati, mtu wa kwetu Kivu ya Kusini, suti moja na sauti kubwa. Mtunza mbegu alikuwa Mama Efrazi, Mrundi, mkubwa kuliko sisi sote, mwanamke wa rozari na maneno machache. Mbegu ya kikundi ilikaa nyumbani kwake katika gunia, maharagwe ya rangi zote yamechanganywa kama walivyochanganya mama zetu: mekundu, ya njano, ya madoadoa, na yale meusi madogo. Jua likiua haya, yale yanabaki. Meusi madogo hayakuwahi kufa kwa jua lolote la Nakivale.

Kabla ya kikundi tulikuwa tunauza maharagwe yakiwa bado maua. Hilo mnalisikia kama hadithi, ninyi. Dalali anakuja wakati huna unga ndani, anachukua shamba zima likiwa halijatoa hata ganda moja, kwa bei aipendayo yeye. Mavuno yakifika unakwenda Rwekubo kununua dukani maharagwe uliyoyapalilia mwenyewe. Watoto wa mkulima wanalala na uji mwepesi, na mtu wa mjini anashiba. Wanaharakati wa kwanza, vijana wa Mbarara, ndio waliokuja kutuambia kwamba hiyo si bahati mbaya, ni dhuluma, na kwamba dhuluma ina dawa.

Wengi wao walitoka Nyamityobora, mtaa wa hukohuko Mbarara. Kiongozi wao alikuwa Ninsiima, binti wa Kinyankole, mwembamba, msema kweli, asiyechoka. Sitawasengenya, kazi waliifanya. Walizunguka shule za bweni za Mbarara, wakabishana na wakuu wa shule, wakarudishwa getini, wakarudi tena. Mwishowe shule moja ikakubali: msimu ujao itanunua maharagwe kwetu wenyewe, bila dalali. Sisi tulitakiwa kupanda tu. Shamba la pamoja lilishalimwa upande wa ziwa, mbegu ipo, tunangoja mvua.

Kupanda tu, mwanangu! Hata hilo likatushinda.

Maana vijana wale walitupenda, na upendo wao ulikuwa wa kuja kututembelea. Walikuja kuona shamba. Wakarudi kusikiliza wakulima. Wakarudi tena na marafiki zao ili nao wasikilize. Walikuwa na msimamo wao kwamba si vizuri kula chapati Rwekubo halafu kufika kwa mkulima umeshiba, ni dharau. Mtu wa haki anakula anachokula mkulima. Basi walifika na njaa zao zote, kwa heshima kabisa.

Na sisi? Mgeni njoo, mwenyeji apone, tuliimba hivyo tangu utotoni. Mwaka ule jua lilikuwa limetupiga, posho tuliyogawiwa ilikuwa ndogo, nyumba nyingi hazikuwa na kitu. Nilimwambia Papa Bahati waziwazi kwamba hakuna cha kupika. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mama Riziki, bageni batoke Mbarara mpaka huku, barudi na tumbo mutupu? Iyo ni haya mingi. Kamata kidogo mu gunia ya Mama Efrazi. Tutarudisha."

Nikakamata kidogo. Nikayaosha, maji yakageuka ya kijivu kwa yale majivu, nikayamwaga nyuma ya nyumba mtu asione. Wageni wakala, wakasifu mapishi, wakapiga picha na sufuria. Safari iliyofuata tukakamata kidogo tena, na iliyofuata tena, kwa sababu walikuwa wameongezeka. Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kwamba haba na haba hukimaliza pia. Aibu ya maiti, aijuaye mwosha, na ya gunia lile niliijua mimi mpishi pamoja na Mama Efrazi aliyelifungua kila mara. Ungemwona anavyokaza midomo! Mimi nilinung'unika jikoni, lakini nani anamsikiliza mpishi?

Halafu mawingu yakaanza kujikusanya juu ya ziwa. Kumbikumbi wakatoka. Kila mkulima akawa anatazama juu, na siku hiyohiyo ndiyo waliyochagua vijana wetu kuja na mabango, watu wengi kuliko siku zote, kusherehekea mkulima mdogo. Papa Bahati akavaa suti. Mimi nikaenda kwa Mama Efrazi na sufuria.

"Leo nenda ukakae na wageni," akaniambia. "Mimi mwenyewe nitapika."

Nikashukuru, mjinga mimi. Nikakaa. Tukaomba, tukaimba, kijana mmoja akahutubia kwamba asiye na mbegu yake hana uhuru wake. Tukampigia makofi. Kisha Mama Efrazi akaja na sufuria kubwa iliyofunikwa, inatoa mvuke, na upawa mkononi. Akaanza kugawa, taratibu, kuanzia kwa wageni, akimjazia kila mmoja sahani yake. Nikachungulia sahani ya jirani yangu. Yalikuwa maji ya moto yenye chumvi. Hakuna punje hata moja.

Watu wakatazamana. Papa Bahati akasimama, jasho linamtoka.

"Mama, ni nini hii unatufanyia? Unatupatisha haya mbele ya bageni!"

"Mukae, Papa," akasema Mama Efrazi, wala hakupaza sauti. "Wageni, mukule. Hii ni maharagwe ya sezoni inayokuja. Ile mutakayovuna na sisi, ladha yake ndiyo hii. Gunia la mbegu tumelipika lote, na mumelikula ninyi. Mulikuja kututetea, hamukuuliza sahani imetoka wapi. Na sisi tuliona heri watoto wetu wakose, kuliko ninyi mujue kama tuna njaa. Sasa mvua ndiyo hiyo. Tupande nini? Tupande mabango?"

Ninsiima alikuwa ameshika sahani yake kwa mikono miwili. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa amekasirika kama mimi.

"Mama, sisi nauliza kila siku," akasema. "Nauliza: shida iko? Nyinyi yote nasema, hapana, sisi iko sawa. Sasa mimi nitajua namna gani? Banange, jamani, mimi hapana Mungu!"

Na hapo, mwanangu, nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu alisema kweli. Alikuwa ameuliza. Alituuliza kwa Kiswahili chake hichohicho kilichovunjika, akiangalia mtu usoni, na kila mara tulimjibu kwa tabasamu, "tuko sawa tu." Tulikuwa tumezoea wageni wa kambi, wanaokuja na maswali na kuondoka nayo, nao hujibiwa hivyo. Huyu hakuwa wa aina ile, lakini tulimpa jibu lilelile. Nikawachukia wote kwa saa ile: Papa Bahati na haya yake, vijana na makofi yao, na kila mmoja wetu aliyekuwa na ulimi akaufungia kinywani.

Ninsiima akainua sahani akayanywa yale maji yote, mpaka chini. Wenzake wakamwangalia, wakayanywa nao. Kisha akasema bibi yake ana shamba nje ya makazi, si mbali na Rwekubo, na yeye na majirani zake hutunza mbegu. Angekwenda kumwomba, si kama msaada, bali kwa desturi yao: unapewa kikapu, ukivuna unarudisha kikapu kilichojaa hadi kilele. Mama Efrazi akakubali kwa kichwa.

Usifikiri mambo yalinyooka hapo. Mvua ilinyesha kabla mbegu haijafika, na ilipofika haikutosha shamba. Tulipanda nusu, kwa kuchelewa. Shule ilipata maharagwe machache, ikanung'unika, ikakubali kutungoja msimu mwingine kwa sababu Ninsiima alikwenda kuwapigia magoti. Nyumba kadhaa ziliuza maua yao kwa dalali yuleyule, na ya kwanza ilikuwa ya Mama Efrazi, ambaye hakuwa amekula hata punje ya karamu zetu. Na yale meusi madogo, tuliyokuja nayo tumeyafunga kwenye pindo za kitenge tukikimbia risasi, hayakuonekana tena. Nimeyatafuta sokoni Mbarara mpaka nimezeeka. Risasi haikuyamaliza, tuliyamaliza sisi kwa adabu.

Tangu siku ile tukawekeana utaratibu. Wanaharakati walikuja siku ya jembe, wamebeba unga wao, na chakula kilipikwa baada ya kulima, si kabla. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa siku ya kwanza na hakufa. Ninsiima alipata malengelenge, tukamcheka vya kutosha. Akiuliza kama kuna shida, tulimwambia shida. Hapo ndipo shule ya pili ikaja, na ya tatu, na ndiyo maana wewe umesoma bila baba yako kuuza maua.

Na sasa nakukuta na ungo!

Basi shika haya. Wanaharakati ni watu wema, na bila wao tungekuwa bado tunamlisha dalali, usiwafungie mlango. Lakini mtu anayekupigania hawezi kukupigania usipomwonyesha mahali panapouma. Mficha uchi hazai. Akiuliza, mjibu kweli, hata kama kweli yenyewe ni sufuria tupu. Ukiwa wewe ndiye mgeni, kwa maana siku moja nawe utakwenda kuwatetea wengine, funua sufuria uulize kabla ya kunawa mikono. Na mbegu haina mgeni. Hata askofu akija, hata mimi nikilia njaa mbele yako, usinipikie.

Mungu aliyetuvusha mpakani akuletee mvua kwa wakati wake, akupe marafiki wasioona haya kushika jembe, na akupe wewe ulimi wa kusema "leo hatuna" bila kuinamisha kichwa. Gunia lako lisikauke, wajukuu zangu wapande kutoka humo.

Sasa inuka, uyarudishe. Na usiyaoshe, yaache na majivu yake.