Kuonyesha Ndege Chini Kwanza

Yaya wangu, kaka yangu mukubwa, alikuwa shofere wa kamio, lori ya mizigo, kati ya Butembo na Beni, mpaka siku yenye batu ya bunduki balimupiga risasi ya muguu mu barabara. Hapana kuuliza, hapana kusimamisha gari. Balipiga kwanza, kisha ndiyo bakakuja kuangalia ni nani. Alipotoka hospitali akarudi kwetu Vulamba, akakaa ndani ya lupango, ndani ya ukuta ya nyumba, na hakuvuka tena mulango yenye inaangalia barabara. Kanisa, hapana. Soko, hapana. Hata kwenye kilio ya jirani alinituma mimi. Mimi niko mutu wa hasira, sifichi, na ile kukaa kwake ilikuwa inaniuma kuliko muguu wake ilivyomuuma yeye.

Ndege ya kuchezea ililetwa na mujomba wetu, muchuuzi mwenye kuendaka Dubai kutafuta vitu ya kuuza. Ilikuwa ndani ya boksi ya karto: vipande ya frigolite, ile povu nyeupe yenye kuzungukaka televisheni mupya, moteri kadogo, bateri, na telekomandi ya mukononi ya kuiongoza. "Wewe mutu wa moteri," akamuambia yaya, "acha kuangalia mabati muchana muzima. Tengeneza hii."

Basi akatengeneza. Na kosa ya kwanza ilikuwa ya mashofere kabisa: akakamata kole, gundi ile ya kuziba shambreri, mipira ya ndani ya magurudumu, kwa sababu kwake hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Akaipakaa kwenye bawa. Aka! Frigolite ikaanza kuyeyuka mbele ya macho yetu, ikabaki na shimo sawa mukate yenye panya imeonja. Nikacheka. Akanigombeza, nikacheka tena. Tangu balimupiga risasi, sikukuwa nimesikia anagombeza mutu, na nilitaka aendelee. Fundi mbao jirani akatupatia kole nyeupe, shimo tukaiziba na kipande ya karto.

Alipomaliza, aliinyanyua na vidole viwili chini ya mabawa, kimoja huku, kimoja kule. Pua ikaenda juu. "Mukia iko nzito," akasema, akasukuma bateri mbele mpaka ndege ikatulia. Kisha akasukuma kafimbo ya telekomandi kuume, kushoto, kuume, akichunguza kama mabawa yanasikia vizuri. "Gari ikikataa usukani, uko na breki," akaniambia. "Hii haina."

Nilifikiri tutairusha kesho yake. Wapi! Yaya alisema ndege itatembea kwanza mu mikono, nyumba kwa nyumba. Hii miaka yote ya uasi, mmoja unaisha na mwingine unakuja, sisi kitu chenye kupita juu tunakikimbia, hatukiangalii. "Batu baione chini," akasema. "Baishike. Ndiyo baione juu." Na nani ataitembeza? Ni mimi, nani mwingine? Yeye mulango ilikuwa ingali imemushinda.

Nikaibeba kwenye kichwa. Nikafika kwa chefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, nikafika kwa bamama wenye kuteka maji kwenye sursi, ile chemchemi chini ya uwanja wa shule. Mama mumoja muzee akaipima mukononi, akasema, "Ee, hii hata kuku inaizidi uzito!" Bakacheka mpaka bidon zao za maji zikajaa zikamwagika. Mwisho nikapanda mulima kwa maaskari, kule kwenye kambi yao mu miti ya kaliptusi. Mukubwa wao akaigeuza, akapuliza kamoteri na mudomo. Akasema tuirushe samedi, siku ya posho, asubuhi, kwenye uwanja, na isivuke miti.

Samedi yaya akavaa shati ya kanisa. Akafika kwenye mulango, akasimama na fimbo yake. Mimi nikajifanya ninafunga kitambaa, nisimuangalie. Akavuka. Mungu Nyamuhanga wee, nilitaka kulia pale pale.

Kwenye uwanja akatafuta upepo, akanisimamisha mbele, nikairusha kwa mukono. Ikapanda! Ikageuka juu ya uwanja, nyeupe, na batu bakapiga makofi. Yaya alikuwa na uso wake wa zamani, ule wa kushuka mulima na kamio yenye imejaa.

Halafu risasi. Kutoka kwenye kaliptusi.

Jana yake kulikuwa relève, maaskari kubadilishana zamu. Maaskari wenye kuishika ndege balikuwa bameenda, wengine bamekuja, na hakuna mutu aliwaambia. Sisi wenyewe hatukuwaza.

Wote tukalala chini. Nikapiga kelele mudomo mu majani: "Yaya, tupa hiyo telekomandi! Lala!" Yeye amesimama peke yake mu uwanja muzima. "Nikitupa, itaangukia bamama!" Na kweli, ndege ilikuwa juu ya sursi. Akaigeuza. Risasi ingine ikapita. Akaishusha pole pole mpaka ikateleza kwenye majani, ndiyo akaweka telekomandi chini na akainua mikono.

Sura zenye zilikuja mbio sikuzijua hata moja. Kaaskari kamoja kakamuangusha, kakamuwekea bunduki kwenye shingo. "Ni droni! Nani anakutuma?" Mimi na hasira yangu yote, nilibaki nimelala mu majani. Nilifikiri sasa banamuua.

Bamama wa sursi ndiyo balitoka, mikono juu, banalia kelele: "Tunaijua! Tuliishika! Ilifika kwetu!" Yule mama muzee akaokota ndege, akamuwekea askari mu mikono. "Kamata! Pima mwenyewe!" Askari akashika. Akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akashusha bunduki.

Balituacha. Ndege hakuirusha tena, na mimi nilijua mulango sasa imefungwa kabisa. Nililaani maaskari, nikalaani Dubai, nikalaani mujomba.

Siku kamio za relève zilipanda tena mulima, nikasikia mulango inalia. Yaya alikuwa mu barabara, ndege kwenye kichwa, fimbo mukononi, anapanda kwenye kaliptusi.

"Unaenda wapi na kitu yenye hairukake tena?"

"Siyo ndege ninaenda kuonyesha," akasema. "Nataka baone sura yangu kabla ya kupiga."