Kiti cha Baba na Shoka Langu

Jamani, leo nusura nikipasue kuni kiti kilichonibeba kabla sijazaliwa!

Nimemnunulia baba kiti cha ofisini, kile imara cha watu wanene kama sisi. Nikachukua shoka, nikakiendea chake cha mbao, cha tangu alipokuwa katibu wa kijiji cha ujamaa.

Mama akapiga kelele: "Weee! Hicho ndicho kilichonifikisha Rulenge!"

Kumbe wakati wa vita vya Kagera, magari yote yakiwa mpakani, uchungu ulimshika. Majirani hapa Ntobeye wakakifungia miti miwili, wakambeba mabegani hadi hospitali ya Rulenge.

Nikazaliwa mimi.

Nikaweka shoka chini. "Shikamoo, kiti."

Kile kipya baba hakitaki kabisa.

Basi, kama mzee wako alikuwa mmoja wa wale wabebaji, niandikie hapa. Hicho kipya ni chake.