Hema la Eda

Mama yangu alikuwa bado yumo edani, mwezi wa pili tangu baba afariki, paa letu lilipovuja hata ikawa hapana pembe kavu ya kuweka mkeka. Ikabidi liezuliwe. Mwanamke wa eda haonwi na wanaume ajinabi, wasio maharimu wake, na mafundi wa makuti wote walikuwa ajinabi. Basi ami yangu, nduguye baba, akaazima hema la turubai kwa bwana shamba, akalisimamisha uani. Mama akaingia na msahafu wake na birika la kutawadhia.

Ami alilifunga hema kama afungavyo boriti za nyumba, fundo gumu, na jingine juu yake. Mimi skuli, huko Unguja, mwalimu alitufundisha fundo la kuteleza, unaloweza kulikaza au kulilegeza bila kulifungua. Kusema mbele ya watu kwangu ni mtihani, masikio hunichoma. Nikasema kwa sauti ndogo kuwa kamba ya katani ikirowa hufupika, itang'oa vigingi.

"Fundo la kuteleza!" ami akawaambia mafundi waliokuwa juu. "Mnamsikia msomi wetu?"

"Mwache, yakhe," mmoja akajibu. "Labda huko skuli hata suruali wanafunga hivyo."

Wakacheka.

Mvua ikaja baada ya adhuhuri. Kamba zikakazana mpaka turubai likawa kama ngozi ya ngoma. Nilijaribu kufungua, mafundo yamevimba, kucha zikanivunjika. Kigingi cha kwanza kikaruka. Upande ule ukaanguka, nikaona mkono wa mama umelidaka turubai kwa ndani.

"Geuzeni nyuso!" nikapiga kelele. Sikuwahi kuwapigia kelele watu wazima.

"Kata kamba zote!" ami akasema.

"Usikate, ami! Litamwangukia lote. Shika mlingoti."

Akaushika, uso kauzika kwenye kwapa, maana hata yeye shemeji hakuruhusiwa kumwona. Nikang'oa kigingi kimoja kimoja, nikalikata fundo la ami, nikakigongomea karibu zaidi na hema. Kamba nikaipitisha kigingini, nikaizungusha juu ya kamba yenyewe mara mbili kwa ndani, mara moja kwa nje, nikavuta.

"Mwanangu, litashika?" mama akauliza.

"Litashika, mama."

Sikujua. Skuli nililifunga kwenye mguu wa dawati tu.

Nikabaki mvuani, huku nalegeza, huku nakaza, na mafundi wakiezeka, migongo wametugeuzia. Hakuna aliyecheka tena. Paa lilipoziba, ami akawatoa kwa njia ya nyuma, naye akawafuata. Mama akatoka, nguo zimemganda mwilini, akanipita mpaka chumbani. Hakuna aliyemwona. Lakini nilimsikia akilia, kilio ambacho hata siku ya maziko hakukitoa, na sikuthubutu kuingia.