Barua ya Kupimwa

Juma lililopita nilikuwa katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule moja huko Kibirichia, nikifuata barua ya uhamisho ya mpwa wangu. Mbele yangu alikaa mkulima wa viazi na binti yake wa gredi ya nne.

"Mwalimu, huyu bado hawezi kusoma," mkulima alisema. "Niandikie barua apelekwe kituo cha tathmini, apimwe ijulikane kwa nini kusoma kunamshinda."

"Mzee, ni uvivu tu. Tungoje muhula ujao."

Mkulima alivua kofia, akaiweka juu ya meza. "Basi muulize vile tunapanda viazi."

Msichana alieleza yote, tangu kuchagua mbegu hadi kupiga dawa ya ukungu, bila kusitasita. "Huyu si mvivu," mwalimu mkuu akasema polepole, akavuta karatasi, akaandika.

Nilipotoka na barua ya mpwa wangu, yule baba alikuwa akingoja nje, akanipa yake. "Nisomee, ndugu. Mimi pia kusoma kulinishinda, na hakuna mtu aliniandikia barua kama hii."

Nikasoma. Akaniomba nirudie, amemshika bintiye mkono. Nimeandika gazetini miaka mingi, lakini sijawahi kupata msikilizaji kama yule.