Mizani Iliyolala Upande wa Magadi

Mpaka leo nikisikia mtu anasema sayansi haina upendeleo, damu inanichemka.

Nilisoma kemia Dar es Salaam enzi za Mwingereza, na aliyenifundisha kemia hakuwa mwalimu. Mwalimu wetu Mzungu aliandika ubaoni kwamba gramu zigawanywe kwa uzito wa moli moja, akafuta, akaondoka. Sisi tukabaki tunatazamana. Aliyenifungua macho ni mwenzangu wa darasani, jirani yetu Temeke, mtoto wa muuza duka.

Tulikuwa tunarudi nyumbani kwa miguu aliponiambia nifikirie mafungu sokoni. Fungu la ndimu na fungu la machungwa yanaweza kuwa na idadi ileile, lakini uzito ni mbali kabisa. Moli ni fungu, akasema. Ukijua fungu moja la kitu fulani lina uzito gani, ukipewa gramu unagawanya, ukipewa mafungu unazidisha. Basi. Dakika chache tu, na mimi nilikuwa nimeumiza kichwa muhula mzima.

Mwaka ule shule ilipewa nafasi moja ya mafunzo ya uganga wa hospitali. Yeye aliitaka kuliko chochote. Mama yake alikuwa amefariki kwa homa, na alishaniambia kwamba hataki kumwona mtu mwingine akifa huku watu wamesimama tu. Mwalimu alisema atachagua kwa jaribio la vitendo: kila mmoja apime sehemu moja ya ishirini ya moli ya magadi ya kufulia, yale makavu.

Mwenzangu alikokotoa wa kwanza. Moli moja gramu mia moja na sita, kwa hiyo gramu tano nukta tatu. Sawa kabisa. Akaweka mawe ya mizani, akamimina magadi mpaka pande mbili zikalingana. Kisha mkono wake ukaongeza kidogo, mizani ikalala upande wa magadi.

Nani wa Temeke asiyejua kwa nini? Dukani kwao mizani ikisimama sawasawa mteja ananuna, anakuita bahili. Lazima uongeze. Alikuwa amepima hivyo tangu utotoni, mkono ulikwenda wenyewe.

Mwalimu alipima upya, akasoma gramu tano na nusu, akacheka. Aliwaambia wote kwamba hivi ndivyo sisi tulivyo, tunakariri hesabu lakini gramu hatuijui. Hata karatasi yenye jibu sahihi hakuitazama.

Mwenzangu aliuliza kwa upole, "Nimempunja nani, bwana?"

"Umejipunja mwenyewe," mwalimu akajibu, akamwonyesha mlango.

Baadaye nilimfuata ofisini nikamweleza habari ya nyongeza, nikamwomba ampe mwenzangu nafasi apime tena. Hakuinua uso. Alisema kama amezoea duka, arudi dukani.

Nafasi ile nilipewa mimi. Mwalimu alinipa mkono mbele ya shule nzima, akasema ninaelewa moli kuliko wote. Mwenzangu alikuwa amesimama mstari wa nyuma, anapiga makofi.