Kuni za Mama Sifa

Bapendwa, muko salama? Macho yenu iko muzima?
Yangu inatoka machozi tu.

Leo bakwe wamekuja kuposa binti yangu. Nilitaka moto mzuri hapa nje, tukae kando yake, tuchome samaki.

Huku kwetu ukinunua kuni unagonga mwenyewe, usikie kama ni kavu. Lakini Mama Sifa, mwenye kuniuzia, tunaomba Mungu naye katika kikundi kimoja! Akagonga mbili za juu: ko, ko!
"Sikia, dada. Kavu kabisa."
Mi nikaamini, nikabeba fungu.

Ndani, mbichi zote!

Moshi ukafukuza bakwe mpaka barabarani, neno la posa halijasemwa.

Na Mama Sifa, niliyemualika, ndiyo anafika, anapangusa macho:
"Ee dada! Kuni hizi ulitoa wapi?"

Nimujibu nini? Mujibu mbio, tafazali. Amekaa hapa pembeni yangu.